Nyumba ya Bayleaf

Historia ya mataifa huandikwa aghalabu kwa majina ya wafalme, tarehe za vita na masharti ya mapatano. Mkulima hatajwi ila siku anapokataa kulipa kodi au mwaka anapokufa kwa njaa. Hakuandika kitabu, hakuchongewa sanamu, na kaburi lake halikuwekewa jiwe la kudumu. Hata hivyo, katika sehemu chache za dunia mkulima wa kale aliacha ushahidi mmoja usiokanushika, nao ni nyumba yake. Katika insha hii nakualika, msomaji, tuizuru nyumba moja ya namna hiyo, tuikague toka msingi hadi paa, kisha tuulizane swali ambalo limewagawanya watu wenye akili kwa zaidi ya miaka mia moja: je, yafaa sheria imkataze mtu kuvunja nyumba iliyo mali yake kwa sababu tu nyumba hiyo ni ya kale?

Nyumba yetu inaitwa Bayleaf. Ilijengwa karibu na kijiji cha Chiddingstone katika jimbo la Kent, kusini-mashariki ya Uingereza. Sehemu hiyo ya nchi, pamoja na vipande vya majimbo ya Sussex na Surrey, huitwa Weald, nayo zamani ilikuwa nchi ya misitu minene na udongo mzito. Kuchonga mawe na kuyachukua katika njia za matope kulikuwa kazi ya gharama kubwa, bali miti aina ya mwaloni ilikuwa tele. Kwa hiyo watu wa Weald walijenga kwa miti, na ustadi wao katika kazi hiyo ulifika upeo ambao haukupitwa kwa urahisi.

Sehemu ya kwanza ya Bayleaf ilijengwa kati ya mwaka 1405 na mwaka 1430, na sehemu ya pili iliongezwa yapata mwaka 1505 hadi 1510. Pengine utauliza, tarehe hizi zimepatikanaje na hali mjenzi hakuandika neno? Jibu limo ndani ya miti yenyewe. Mti wa nchi za baridi huongeza pete moja katika shina lake kila mwaka. Mwaka wa neema pete huwa nene, na mwaka wa taabu huwa nyembamba. Mtaalamu hutoboa nguzo, akatoa kijiti chembamba, akapima pete zake moja moja, kisha akazilinganisha na orodha ndefu ya pete za miti ambayo miaka yake inajulikana. Pete zikilingana, mwaka hujulikana. Lakini seremala akiwa alichonga nguzo hata akaondoa pete za nje, haiwezekani kuutaja mwaka mmoja kamili ambao mti ulikatwa. Ndiyo sababu husemwa kati ya mwaka huu na mwaka huu. Elimu yenye adabu hukiri mpaka wake.

Tuulize sasa, mkulima alipata wapi uwezo wa kujenga nyumba iliyodumu miaka mia sita? Kwa kulijibu swali hili inatupasa kurudi nyuma hadi mwaka 1348, tauni ilipoingia Uingereza kwa meli. Katika muda wa miaka miwili hivi iliua watu wengi sana. Wanahistoria wanakadiria kuwa walikufa kati ya theluthi na nusu ya watu wote wa nchi. Msiba ule ulikuwa mkubwa kupita maneno. Lakini ulibadili thamani ya mkono wa mfanyakazi. Kabla ya tauni, ardhi ilikuwa haba na watu walikuwa wengi, na kabaila aliweza kuwaamuru apendavyo. Baada ya tauni, mashamba yalikosa wa kuyalima. Mkulima aliyebaki hai aliweza kudai ujira mkubwa zaidi, au kukodi shamba la jirani aliyekufa, au kuhamia kwa bwana mwingine mwenye masharti mepesi. Serikali ilijaribu kuzuia jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1351, iliyoamuru ujira usizidi kiwango cha kabla ya tauni. Chuki ya sheria hiyo na kodi ya kichwa vilichangia maasi makubwa ya wakulima ya mwaka 1381, ambayo watu wa Kent walikuwa mstari wa mbele ndani yake. Maasi yalishindwa, na viongozi wake wakauawa. Hata hivyo mabadiliko hayakuzuilika. Katika vizazi vilivyofuata lilitokea tabaka la wakulima wa wastani, watu wasio mabwana wala watwana, wenye mashamba ya kuwatosha na akiba kidogo. Hao ndio waliojenga nyumba za namna ya Bayleaf. Basi tunapoitazama nyumba hii tunatazama matunda ya uhuru uliopatikana kwa njia ya kaburi.

Ujenzi ulianza mbali na kiwanja. Seremala alichagua mialoni msituni, akaikata, akaipasua na kuichonga kwa shoka na tezo ingali mibichi, maana mwaloni ukikauka huwa mgumu kwa chuma. Kila mahali mti mmoja ulipokutana na mwenziwe, alichonga ulimi katika mmoja na tundu katika wa pili, ulimi ukaingia tunduni, kisha akapigilia kigingi cha mti kupita katikati. Msumari haukuhitajiwa katika viungo hivyo. Miti ilipokauka baada ya kusimamishwa, ilijikaza na kujipinda, na viungo vikazidi kushikana. Kila kiungo kilitiwa alama, mikato midogo mithili ya tarakimu za Kirumi, ili siku ya kusimamisha nyumba kila mti uende mahali pake. Alama hizo zinasomeka hata leo. Zinatufahamisha kwamba nyumba ilikuwa imekwisha kukamilika katika akili ya fundi kabla nguzo moja haijasimama.

Mifupa ya nyumba ilipokwisha kusimama, nafasi baina ya nguzo zilijazwa. Fito zilisimikwa wima, fito nyingine zikasukwa kwa kupitana nazo, na ukuta ukakandikwa kwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, kisha ukapakwa chokaa. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi. Huenda umeiona kazi hii kwa macho yako, au huenda mikono yako yenyewe imewahi kuchafuka kwa udongo huo. Mkulima wa Kent na mkulima wa pwani yetu hawakuonana wala kusikiana. Lakini wote wawili walikuwa na fito, udongo na haja ya kivuli, na haja iliwafundisha somo moja.

Sasa tuingie ndani. Piga picha akilini ya mstatili mrefu uliogawanywa sehemu nne. Sehemu mbili za katikati ni chumba kimoja kikubwa, ukumbi, ambao ndio roho ya nyumba. Ukumbi huu hauna dari. Ukisimama sakafuni ukainua macho, huzuiwi na kitu mpaka kwenye paa, ambako utaona boriti kuu iliyokatiza chumba toka ukuta hata ukuta, na juu yake nguzo fupi yenye mikono inayochukua uzito wa kenchi. Upande mmoja wa ukumbi ipo njia ipitayo toka mlango wa mbele hata mlango wa nyuma. Kutoka njia hiyo waingia vyumba viwili vidogo vya akiba, ambamo huwekwa vinywaji, maziwa na vyakula. Huo ndio upande wa chini. Upande wa pili ni upande wa heshima. Hapo huwekwa meza ya mwenye nyumba, mbali na upepo wa milango, na nyuma yake kuna chumba cha faragha, na juu yake chumba kikubwa cha kulala chenye choo kidogo kilichojitokeza nje ya ukuta. Hivyo mpango wa nyumba ulikuwa pia mpango wa daraja za watu. Mgeni alipoingia mlangoni hakuulizwa cheo chake. Mahali alipokaribishwa kuketi palijibu.

Dirisha la ukumbi lilikuwa refu, lakini halikuwa na kioo. Kioo kilikuwa anasa ya matajiri na makanisa. Vijiti vya mwaloni vilisimamishwa dirishani kuzuia mtu au mnyama asipite, na usiku au wakati wa dhoruba dirisha likafungwa kwa mbao. Kwa hiyo mtu alilazimika kuchagua mojawapo: mwanga pamoja na baridi, au joto pamoja na giza.

Moto nao ulikuwa katikati ya ukumbi, juu ya sakafu, pasipo dohani. Moshi ulipanda, ukatanda chini ya paa, ukatafuta njia katika nafasi za kuezekea na matundu yaliyoachwa juu. Kila siku ya kila mwaka moshi ule uliacha masizi katika miti ya paa. Hili ni jambo dogo, lakini limekuwa ufunguo wa wanahistoria. Ziko nyumba nyingi katika Uingereza ambazo kwa nje zinaonekana ni za miaka ya 1700. Zina kuta za matofali, dari za lipu na madirisha ya vioo. Mchunguzi akichukua taa akapanda darini, akikuta kenchi zimekuwa nyeusi kwa masizi, hupata hakika kwamba chini yake ulikuwapo ukumbi wa kale wenye moto wa wazi. Ukuta uliweza kufichwa kwa matofali, na mlango ukazibwa, bali hakuna aliyejishughulisha kusafisha masizi ya mahali pasipoonekana.

Kwa nje, nyumba za namna hii zina sura ya pekee. Ncha zote mbili zina ghorofa, na ghorofa hiyo hutokeza mbele kuliko ukuta wa chini. Ukumbi wa katikati, kwa kuwa hauna ghorofa, ukuta wake hubaki nyuma kana kwamba umepiga hatua kurudi. Lakini paa ni moja, limenyoka toka ncha hata ncha, na mbele ya ukumbi ukingo wake huchukuliwa na miti iliyopindwa kama upinde. Mamia ya nyumba hizi zimesalia kusini-mashariki ya Uingereza, na wingi wake umo Kent.

Mapinduzi ya nyumba yalikuja kwa njia ya dohani. Katika miaka ya 1500 matofali yalizidi kupatikana, na wakulima wakaanza kujenga dohani ndani ya nyumba zao. Mwandishi mmoja wa zama hizo, William Harrison, aliandika katika mwaka 1577 jinsi wazee wa kijiji chake walivyostaajabia wingi wa dohani zilizozuka katika maisha yao. Dohani ilipokwisha kumeza moshi, haikuwapo tena sababu ya kuuacha ukumbi wazi hadi paa. Sakafu ya pili ikawekwa katikati ya kimo, na chumba kimoja kikawa viwili. Baba na watumishi waliokuwa wakila na kuota moto pamoja wakaanza kutengana, kila mmoja chumbani mwake. Mwaka 1953 mwanahistoria W. G. Hoskins alikiita kipindi cha kati ya 1570 na 1640 kuwa ni zama za kujengwa upya kwa Uingereza ya mashamba. Wanahistoria waliomfuata wamebishana naye juu ya tarehe, lakini jambo lenyewe halibishaniwi: dohani haikubadili nyumba tu, ilibadili maisha ya jamaa waliokaa ndani yake.

Kwa muda mrefu nyumba hizi hazikutunzwa na sheria yoyote. Zilitunzwa na umaskini au uvivu, maana asiyekuwa na fedha za kujenga upya huishi katika nyumba ya babu yake. Mwaka 1877 William Morris na wenzake walianzisha chama cha kutetea majengo ya kale. Mwaka 1882 Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya kulinda makumbusho ya kale, nayo ilihusu zaidi mawe na makaburi ya zama za mbali. Shirika la National Trust lilianzishwa mwaka 1895, na mwaka 1896 lilinunua jengo lake la kwanza kwa paundi 10 tu. Jengo hilo lilikuwa nyumba ya miti na udongo katika kijiji cha Alfriston, jimbo la Sussex, ya namna ileile tuliyoieleza. Baada ya vita kuu ya pili, ambayo mabomu yake yaliteketeza majengo mengi, sheria ya mwaka 1947 iliamuru yaandikwe majengo yote yenye thamani ya kihistoria. Yamegawanywa katika madaraja matatu, na zaidi ya tisa katika kila kumi yamo katika daraja la mwisho. Jengo lolote la kabla ya mwaka 1700 ambalo halijapoteza sana hali yake ya asili huandikwa. Toka mwaka 1968, mwenye jengo lililoandikwa hana ruhusa ya kulivunja wala kulibadili tabia yake pasipo idhini, na akikaidi ametenda jinai.

Katika miaka ya 1960 Bayleaf ilifikwa na hukumu yake. Watu walizidi kuongezeka kusini ya London, na maji hayakuwatosha. Ikaamuliwa kwamba bonde la Bough Beech, ambamo Bayleaf ilisimama, lizibwe na kujazwa maji kuwa ziwa. Fikiri hapa, msomaji, wala usifanye haraka kuhukumu. Upande mmoja wa mizani palikuwa na kiu ya watu walio hai. Upande wa pili nyumba ya watu waliokwisha kufa. Nani angethubutu kumwambia mama mwenye mtoto kwamba bomba lake litakauka ili nguzo za mwaka 1405 zisimame? Lakini nani pia angeweza kuzizamisha nguzo hizo kwa moyo mweupe, akijua kwamba hakuna fundi duniani awezaye kuutengeneza tena mwaka 1405?

Njia ya tatu ilipatikana. Mwaka 1967 mwanahistoria Roy Armstrong na wenzake walikuwa wameanzisha makumbusho ya majengo katika kijiji cha Singleton, Sussex ya Magharibi. Kati ya 1968 na 1969 Bayleaf ilifumuliwa mti mmoja mmoja, na mwaka 1971 hadi 1972 ikasimamishwa tena Singleton. Utaona kwamba ustadi wa seremala wa kale ndio ulioiokoa. Nyumba iliyounganishwa kwa vigingi iliweza kufunguliwa kama ilivyofungwa. Bonde likajaa maji, watu wakanywa, na nyumba ikabaki.

Hata hivyo wokovu huo una deni lake. Nyumba iliyohamishwa imepoteza jirani zake, udongo wake na mashamba yaliyoizaa. Tena wahifadhi walilazimika kuchagua. Bayleaf ya miaka ya 1960 ilikuwa na mabadiliko ya vizazi vingi, wao wakairudisha katika sura ya mwanzo wa miaka ya 1500, ukumbi wazi na moto katikati. Leo mgeni huona nyumba safi ya zama moja. Morris angalikuwa hai pengine angalinung'unika, kwa maana alifundisha kwamba kila kizazi kilichoigusa nyumba kina haki ya kukumbukwa, na kwamba kuirudisha nyumba nyuma ni kufuta maandishi ili kusoma mstari wa kwanza. Wengine hujibu kwamba mstari wa kwanza ungefifia kabisa kama usingefunuliwa. Mimi naona kila upande una sehemu ya haki, na kwa kuwa hivyo ndivyo, afanyaye kazi hiyo lazima aandike kwa uaminifu kila alichoondoa.

Turudi katika swali letu la mwanzo. Mwenye nyumba husema: nimenunua kwa fedha yangu, mvua inanivujia mimi, kwa nini niombe idhini kubadili dirisha langu? Malalamiko yake si ya upuuzi, kwa kuwa kukarabati mwaloni na chokaa ni ghali kuliko saruji, na sheria humwamuru atunze lakini mara nyingi haimpi gharama. Jibu linaloweza kutolewa ni hili: yeye anamiliki nyumba kwa maisha yake, nayo ilikuwapo kabla yake kwa vizazi ishirini. Mambo ambayo nyumba hiyo inayajua juu ya tauni, ujira, moshi na heshima ya watu hayamo katika hati yoyote. Akiivunja, havunji mali yake peke yake. Lakini kama taifa zima lanufaika, ni haki taifa lichukue sehemu ya mzigo.

Swali hili si la Waingereza pekee. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na turathi, na mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001. Mwenye nyumba ya Lamu anayetaka kuongeza ghorofa ili watoto wake wapate mahali pa kulala anajua vema mizani tuliyoisema. Nami sikuombi ukariri jibu langu. Nakuomba jambo jepesi zaidi. Utakapokwenda likizo kwa babu au bibi yako, ingia jikoni, inua macho, utazame miti iliyochukua paa. Uliza ni nani aliyeikata, wapi, na mwaka gani, na kwa nini mlango ukawekwa upande ule. Andika majibu pamoja na tarehe, maana nyumba nyingi za fito na udongo hazidumu miaka mia sita, na mjuzi wa habari zake hadumu hata mia moja.